Jinsi ya kupima kama mradi wa wasichana balehe umebadilisha kitu: mwongozo kamili

Ripoti nyingi za miradi ya wasichana zina picha ileile: wasichana wamejipanga mbele ya ofisi ya kijiji, vyeti mkononi, na chini yake maneno "Wasichana 640 wamewezeshwa." Ukiuliza wamewezeshwa kufanya nini, unaoneshwa rejesta ya mahudhurio. Rejesta inakwambia nani alikuja Jumamosi. Haikwambii kama posa ilipokuja nyumbani mwezi wa tatu msichana alikuwa na neno la kusema, na kama neno hilo lilisikilizwa.

Nimefanya kazi za ufuatiliaji na tathmini kwa miaka kadhaa, sehemu kubwa mkoani Tanga, na makosa mengi nitakayoyataja hapa nimeyafanya mwenyewe. Mwongozo huu ni kwa mtu mwenye mradi wa kawaida: klabu za wasichana, mafunzo ya stadi za maisha na afya ya uzazi, pengine ushonaji na kikundi cha kuweka akiba, na bajeti isiyoruhusu kumwajiri profesa.

Hatua ya 1: Chora njia kutoka klabuni hadi nyumbani

Kabla ya dodoso, chukua karatasi kubwa. Upande wa kushoto andika mnachofanya: klabu mara moja kwa wiki. Upande wa kulia andika mnachotaka kitokee: wasichana wasiolewe kabla ya miaka 18. Kisha jaza katikati. Msichana anahudhuria, anajifunza, anapata kipato kidogo, anaanza kushirikishwa nyumbani, anaweza kusema "bado" mtu akija kumposa, na wazee wanakubali.

Sasa rudi kwenye kila mshale uulize: kwa nini hiki kizae kile? Hapo ndipo mambo huanza kuwasha. Kati ya "anajua haki zake" na "haolewi" kuna baba, mjomba, mahari, na mavuno yaliyoharibika. Mradi ambao haujagusa hata mmoja wa hao umeweka tumaini lake lote kwenye mabega ya mtoto wa miaka 14.

Zambia ilitoa somo zito kuhusu hili. Mradi mkubwa uliowafikia wasichana zaidi ya 10,000 kati ya 2013 na 2015, wenye vikundi vya kila wiki, vocha za afya na akaunti za akiba, ulifuatiliwa miaka miwili zaidi baada ya kufungwa. Maarifa ya afya ya uzazi yalipanda kiasi, tabia ya kuweka akiba ikaboreka, imani ya msichana katika uwezo wake ikasogea mbele. Lakini ndoa, mimba na kiwango cha elimu havikutofautiana na vya wasichana ambao hawakuwa kwenye mradi. Kama wangepima maarifa peke yake, wangeandika ripoti ya ushindi.

Kwa hiyo panga viashiria vyako, yaani mambo utakayoyapima, katika tabaka tatu. Kwanza alichonacho msichana: maarifa, ujuzi, pesa, marafiki, mtu mzima wa kumkimbilia. Pili anachoweza kuamua na kutenda. Tatu kilichotokea maishani mwake: shule, kazi, ndoa, mimba, usalama. Chukua angalau kiashiria kimoja kila tabaka. Miradi mingi hupima la kwanza kwa sababu ni rahisi, huahidi la tatu kwa mfadhili, na la pili hulisahau kabisa, wakati uwezeshaji wenyewe unakaa humo.

Hatua ya 2: Kaa na wasichana kabla ya kuandika swali hata moja

Hatua hii ndiyo hukatwa kwanza bajeti ikibana, na kwangu ndiyo ya mwisho kukatwa.

Dodoso letu la kwanza lilikuwa na swali lililotafsiriwa mezani: "Je, unajiamini?" Tulidhani ni swali jepesi. Siku ya majaribio, msichana mmoja wa miaka 15 alimtazama mdadisi, akatazama chini, akajibu, "Hapana, mimi si mjeuri." Tukadhani ni yeye tu. Kufikia jioni wanne walikuwa wamejibu kwa namna hiyo. Kumbe katika vijiji vile, msichana "anayejiamini" ni yule anayejibizana na wakubwa. Kwa hiyo msichana aliyelelewa vizuri angesema hapana, na mradi ukimfanya aseme ndiyo, bibi yake angekuja kulalamika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Tulikuwa tunapima adabu.

Jambo la pili tulilolipata kwa kukaa tu chini ya mwembe lilihusu kutoka nyumbani. Madodoso mengi huuliza: "Je, unaruhusiwa kwenda sokoni peke yako?" Jibu ni ndiyo au hapana. Wasichana wakatuchekea. "Inategemea. Dukani naaga tu. Kwenye gulio naomba ruhusa. Kwa rafiki yangu ng'ambo ya barabara kuu, siendi, labda nitoroke." Mumo humo mlikuwa na kipimo kamili, na lugha ilishakitengeneza kabla yetu. Kuaga ni kutoa taarifa kwamba unatoka. Kuomba ruhusa ni kukiri kwamba unaweza kunyimwa. Msichana aliyekuwa akiomba ruhusa ya kwenda zahanati na sasa anaaga amesogea hatua, ingawa kwenye dodoso la ndiyo na hapana angehesabiwa sawa mwaka wa kwanza na wa tatu. Tukatengeneza orodha ya mahali sita (dukani, kisimani, zahanati, gulioni, kwa rafiki, mjini) na kila mahali majibu manne: naaga, naomba ruhusa, naenda nikisindikizwa, siendi kabisa.

Kwa vitendo: tenga siku nne hadi sita, vijiji viwili visivyokuwemo kwenye mradi. Kaa na vikundi vidogo vya wasichana wa rika moja, maana wa miaka 12 hatasema mbele ya wa miaka 18, na aliyezaa hatasema mbele ya anayesoma. Kaa na kina mama peke yao, kina baba peke yao. Pwani usimsahau somo au kungwi. Mambo ya mwili na unyumba yeye anayajua kwa maneno ambayo hayamo kwenye kamusi ya afya. Usiulize "uwezeshaji ni nini." Omba kila mmoja akusimulie jana yake, tangu alipoamka hadi alipolala. Halafu uliza: hapa nani aliamua? Ungekataa ingekuwaje? Kuna msichana hapa kijijini ambaye hili alilikataa? Andika maneno yao yalivyo, na hayo ndiyo yaingie kwenye dodoso.

Hatua ya 3: Geuza maoni kuwa matukio

Swali la maoni lina jibu moja ambalo kila mhitimu wa klabu analijua. Ukimuuliza msichana aliyekaa miezi kumi kwenye mafunzo yako, "Je, ni sawa msichana kuolewa akiwa na miaka 15?", unampa mtihani ambao ulishamfundisha majibu yake. Lazima afaulu.

Uliza jambo lililotokea, la karibuni, lenye tarakimu. Mfano wa pesa. Swali la kawaida ni "Nani huamua matumizi ya pesa zako?" na jibu ni "Mimi mwenyewe." Nilimsikia msichana mmoja akilijibu hivyo bila kusita. Mdadisi akaendelea na swali la pili tulilokuwa tumeliongeza:

"Mara ya mwisho kushika pesa yako ilikuwa lini?"
"Juzi. Niliuza visheti."
"Ulipata ngapi?"
"Elfu mbili."
"Zilienda wapi?"
"Elfu moja na mia tano nilimpa bibi. Mia tano nikaweka kwenye kibubu."
"Bibi aliziomba?"
"Haombi. Nikirudi anafungua mkono."

Swali la kwanza lingemweka kwenye safu ya walioweza. La pili limetuonesha robo ya pesa ndiyo yake. Mwaka mmoja baadaye unaweza kuuliza vilevile na ukaona kama robo imekuwa nusu. Na usiharakishe kumhukumu bibi. Huenda ndiye anayenunua daftari. Kazi yako ni kupima mwendo.

Fanya hivyo kwa kila kiashiria. Badala ya "unaweza kutoa maoni nyumbani", uliza: katika mwezi huu kulikuwa na jambo nyumbani ulilotofautiana nalo? Ulisema? Ulimwambia nani? Ikawaje? Badala ya "una mtu wa kukusaidia", uliza: ukihitaji elfu tano leo jioni kwa dharura, utamwendea nani, jina lake nani kwako? Kumbuka pia kwamba swali la "nani aliamua" halina maana kama jambo halijawahi kujitokeza. Msichana ambaye hajaposwa hajawahi kukataa posa.

Panapowezekana, acha kuuliza kabisa, tazama. Utafiti mmoja wa magharibi mwa Kenya ulitaka kujua kama wasichana wa shule za msingi walioelezwa kwamba wanaume wakubwa wana maambukizi mengi zaidi ya virusi vya Ukimwi kuliko vijana wangebadili mwenendo. Badala ya kutegemea wasichana waseme walilala na nani, watafiti walihesabu mimba. Zilipungua kwa asilimia 28. Mimba haina haya na haijui jibu la kumfurahisha mdadisi. Na kule Zomba, Malawi, katika mradi wa fedha kwa wasichana, walivyojieleza wenyewe kuhusu kuwa shuleni hakukulingana na taarifa za walimu wao, na tofauti hiyo ilitosha kugeuza jibu la ni fedha zipi zinazowabakiza shuleni zaidi, zenye sharti la kuhudhuria shule au zisizo na sharti. Kama kiashiria chako ni mahudhurio, nenda kaone rejesta ya darasa, na siku mbili tatu fika bila taarifa uhesabu vichwa.

Ongeza na kiashiria cha madhara. Mradi unaweza kuumiza: msichana anapigwa kwa sababu alichelewa klabuni, kaka anamnyang'anya akiba, kazi za nyumbani zinamsubiri hadi saa nne usiku. Usipouliza hutajua, na ukijua mapema utabadili saa ya klabu.

Hatua ya 4: Tafuta wa kulinganisha naye

Hapa ndipo tathmini nyingi huanguka. Chukua takwimu za taifa. Utafiti wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wameshapata mimba; wa 2022 ukakuta 22. Kenya ilishuka kutoka 18 mwaka 2014 hadi 15 mwaka 2022. Mradi ulioanza 2016 na kupima tena 2022 ungekuta mimba zimepungua hata kama klabu zake hazikufunguliwa siku moja.

Upande wa pili ni umri. Msichana wa miaka 13 utamkuta tena ana 16. Atakuwa anajua zaidi na anatembea mbali zaidi, mradi au bila mradi. Na atakuwa amekaribia zaidi kuacha shule na kuolewa, mradi au bila mradi. Kwa hiyo kulinganisha kabla na baada kunaweza kukusifia bure au kukusingizia bure.

Njia safi ni kura ya bahati nasibu. Kama mna fedha za vijiji 30 na mna vijiji 60 vinavyostahili, andika majina kwenye vikaratasi, weka kwenye ndoo, na mchezo uchezwe hadharani mbele ya watendaji wa vijiji. Watu hudhani jamii itakasirika. Nilivyoona mimi, wanaokasirika ni pale vijiji vinapochaguliwa ofisini, kwa sababu kila mtu anajua ni vya nani. Vilivyobaki viingizwe awamu ya pili.

Kama kura haiwezekani, tafuta vijiji vinavyofanana: umbali kutoka barabara ya lami, shule ya sekondari, zao la biashara, dini, kiwango cha ndoa za mapema mlichokuta mwanzoni. Pima pande zote mbili kabla ya kuanza na baada, kisha linganisha mabadiliko. Usilinganishe wasichana waliojiunga na ambao hawakujiunga katika kijiji kimoja. Anayejiunga ni yule ambaye mama yake alimruhusu kutoka Jumamosi, na mama wa namna hiyo peke yake ni nusu ya mradi.

Kwa sababu hiyohiyo, hoji wasichana wa kijiji chote wenye umri unaolengwa, waliokuja klabuni na ambao hawakuja. Uganda walifanya hivyo kwenye klabu za mafunzo ya kazi na afya ya uzazi za BRAC, shirika la maendeleo lililoanzia Bangladesh. Miaka minne baadaye, katika jamii zilizopata klabu, mimba za utotoni zilikuwa zimepungua kwa asilimia 34, kuolewa au kukaa kinyumba mapema kwa asilimia 62, na shughuli za kuingiza kipato zimeongezeka kwa asilimia 48. Kwa kuwa hizo ni namba za jamii nzima, hakuna anayeweza kusema klabu zilijichagulia wasichana wazuri.

Kisha mradi uleule ukaletwa Tanzania, nao ukapimwa kwa kura. Kwa viashiria vingi, haukuonesha kitu. Wachunguzi walipotazama utekelezaji waliona rasilimali zilikuwa finyu na klabu hazikuendeshwa kama zilivyoendeshwa Uganda. Ndiyo maana sambamba na dodoso unahitaji daftari la utekelezaji: klabu ilifunguliwa mara ngapi, kiongozi alikuwepo, cherehani zilikuwa ngapi na zilizofanya kazi ngapi. Bila daftari hilo, ukikuta sifuri hutajua kama dawa haifanyi kazi au mgonjwa hakuinywa.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya wangapi, na uwe tayari kwa jibu baya

Wasichana wa kijiji kimoja wanafanana. Wana shule moja, shekhe au padri mmoja, uvumi mmoja. Kwa hiyo wasichana 20 wa kijiji kimoja si taarifa 20 kamili.

Tuseme kufanana huko, kwa kipimo cha 0 (hawafanani kabisa) hadi 1 (wote sawasawa), ni 0.05, kiwango cha kawaida cha kuanzia hesabu, na kila kijiji unahoji 20. Chukua 20 utoe 1, zidisha kwa 0.05, ongeza 1: unapata 1.95. Maana yake wasichana 400 ulionao wana uzito wa kama 205.

Sasa tuseme unataka kugundua mimba zikishuka kutoka asilimia 22 hadi 15, ukiwa na nafasi ya asilimia 80 ya kuliona badiliko hilo kama kweli lipo. Hesabu ya kawaida inataka wasichana kama 480 kila upande. Zidisha kwa 1.95, unafika karibu 940. Hivyo ni vijiji 47 vyenye mradi na 47 visivyo na mradi.

Wewe una vijiji sita. Basi usiahidi kupima mimba. Si aibu, aibu ni kuahidi, kukosa, kisha kuandika kwamba "kuna dalili za kupungua." Chagua viashiria vya katikati ya njia, kama kuaga na kuomba ruhusa, mgawo wa pesa, mtu wa kukimbilia, ambavyo hubadilika kwa wengi na kwa kasi. Na kama kuna fedha za kuongeza kidogo, ongeza vijiji, usiongeze wasichana kwenye vijiji ulivyonavyo.

Hatua ya 6: Vibali, ridhaa, na utakachofanya ukisikia jambo zito

Tanzania utahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na kama unagusa afya, idhini ya kimaadili ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Kenya ni NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu) pamoja na kamati ya maadili. Anza miezi mingi kabla. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, kwa hiyo majina yakae faili moja na majibu faili nyingine, yakiunganishwa kwa namba tu.

Kwa aliye chini ya miaka 18 unahitaji ridhaa ya mzazi na ya msichana mwenyewe, na ya msichana iombwe mzazi akiwa hayupo, maana mbele ya mama hakuna msichana atakayesema "sitaki."

Maswali ya ukatili yana kanuni zake. Uliza mmoja tu kwa kila kaya, ili asiwepo mwingine atakayejua kilichoulizwa. Kabla ya siku ya kwanza, uwe umeshafika ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, dawati la jinsia na watoto la polisi na kituo cha afya, na una jina la mtu atakayepokea simu. Namba 116 ya huduma kwa watoto inafanya kazi Tanzania na Kenya. Mpe kila msichana uliyemhoji, kwenye karatasi yenye namba nyingine za kawaida ili isimtie mashakani ikikutwa. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa haki za mtoto zinapovunjwa. Kwa hiyo usimwambie msichana "utakachosema hakitatoka hapa" halafu ukitoe. Mwambie tangu mwanzo ni lini utalazimika kusema. Na kama huna wa kumpeleka kwake, ondoa maswali hayo. Kumfungua mtu jeraha kisha kufunga kishikwambi na kupanda bodaboda si utafiti.

Hatua ya 7: Uwanjani

Wadadisi wawe wanawake vijana, wasiwe wa kijiji hicho, na wasiwe wafanyakazi wa mradi. Hili la mwisho ni gumu kwa sababu wafanyakazi wapo na hawana posho ya ziada. Lakini msichana anayemwona dada wa klabu mbele yake na dodoso atamjibu kama mgeni anayesifia chakula.

Wafunze siku tano, na mbili ziwe za mazoezi kijijini. Wazoeze kukaa kimya baada ya swali. Mdadisi mwenye haraka humalizia jibu mwenyewe: "Kwa hiyo unaamua wewe, si ndiyo?" Na msichana ataitikia.

Faragha huharibika kwa upole. Hakuna anayekuja kusikiliza. Shangazi anakuja tu kupepeta mchele mlangoni. Weka swali la mwisho kwa mdadisi: nani alikuwa karibu, na kuanzia swali la ngapi? Tulipofanya hivyo, tuliona wasichana waliokuwa na mtu mzima karibu walitaja marafiki wa kiume mara chache sana kuliko wengine. Dawa yetu ikawa kumtuma mdadisi wa pili amhoji shangazi maswali marefu kuhusu mifugo na bei ya mahindi, upande wa pili wa nyumba. Maswali hayo hatukuyatumia kokote.

Kwa yale yasiyotamkika, kuna njia ya orodha. Nusu ya wasichana, waliochaguliwa kwa kura, wasomewe mambo manne ya kawaida na waseme tu mangapi yamewatokea, bila kutaja yapi. Nusu nyingine wasomewe hayo manne na la tano, kwa mfano kupokea zawadi au pesa kutoka kwa mwanamume ili walale naye. Kama wastani wa kundi la kwanza ni 1.8 na la pili 2.05, tofauti ya 0.25 inakwambia karibu robo wamepitia jambo hilo, na hakuna hata mmoja aliyelikiri. Inahitaji sampuli kubwa, kwa hiyo itumie kwa swali moja au mawili.

Hatua ya 8: Watafute waliopotea

Ulihoji 400, ukawapata tena 320. Wale 80 hawakupotea ovyo ovyo. Ameolewa wilaya nyingine, amekwenda Dar kufanya kazi za ndani, amejifungulia kwa bibi yake. Hao ndio hasa mradi ulikuwa unawazungumzia.

Fanya hesabu uone hatari yake. Kati ya 320, tuseme 40 wameolewa: asilimia 12.5. Kama kati ya wale 80 hakuna aliyeolewa, jumla ni 40 kati ya 400: asilimia 10. Kama wote 80 wameolewa, jumla ni 120 kati ya 400: asilimia 30. Ukweli uko mahali fulani kati ya 10 na 30, na pengo hilo linaweza kumeza matokeo yako yote.

Siku ya kwanza chukua jina la shuleni, jina la nyumbani na la utani, na watu watatu watakaojua alipo hata akihama: shangazi, rafiki wa karibu, na mtu mwenye namba ya simu isiyobadilika, ambaye mara nyingi ni mwenye duka. Piga simu kila miezi sita. Tenga fedha za kuwafuata mjini. Wasiopatikana kabisa, waulize ndugu mambo mawili tu: yuko wapi, na ameolewa? Kisha angalia kama waliopotea upande wa mradi wanafanana idadi na wa upande wa pili. Wakitofautiana sana, sema hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.

Hatua ya 9: Uchambuzi

Hapa nitakuwa mfupi. Kabla hujafungua takwimu, andika viashiria vitatu au vinne vikuu, uweke tarehe, umtumie mtu wa nje. Ukipima mambo 20 ambayo mradi haukuyagusa kabisa, kwa kipimo cha kawaida cha asilimia 5 moja hivi litaonekana limebadilika kwa bahati tu, na hilo ndilo litakalowekwa kwenye bango. Kadiria makosa, yaani kiasi ambacho namba zako zinaweza kupotoka kwa bahati tu, kwa kuzingatia kwamba wasichana wa kijiji kimoja wanafanana. Tenganisha rika, wa 10 hadi 14 na wa 15 hadi 19, na waliomo shuleni na walio nje; wastani wa wote mara nyingi ni wastani wa watu wasiokuwepo.

Hatua ya 10: Rudisha matokeo kabla hayajawa ripoti

Usisubiri ripoti ichapwe. Chukua namba tano, zichore kwenye karatasi kubwa, rudi kijijini, uwaulize wasichana: hii maana yake nini?

Mwaka mmoja tulikuta jambo lililotusumbua. Katika vijiji vya mradi, wasichana wanaokwenda gulioni walikuwa wamepungua, na kwenye vijiji vya kulinganisha hawakupungua. Ofisini tulikuwa na maelezo tayari: wazazi wamewabana, mradi umeleta hofu, madhara. Mwenzangu alikuwa ameshaandika aya mbili.

Tulipoibandika karatasi ukutani, wasichana waliitazama kwa muda. Mmoja akauliza gulio lile ni la Jumatano? Tukasema ndiyo. Wakaangaliana. Jumatano ndiyo siku waliyokuwa wakishona sare za shule, kwa zamu, kwa sababu siku hiyo ndiyo mwenye cherehani anakwenda gulioni na mashine zinabaki wazi. "Hatujazuiwa," akasema. "Tunatuma wadogo zetu."

Aya mbili zikafutwa. Kwenye dodoso la mwaka uliofuata, chini ya "siendi kabisa," tukaongeza swali moja: "Kwa sababu gani?"